Wiki Kumi Maskati, na Skuli Iliyobaki Unguja



Mwaka jana mwishoni mwa Oktoba niliwatoa wanangu wawili skuli, tukaenda Maskati, na tukarudi wiki ya kwanza ya Januari. Mkubwa ni wa kiume, alikuwa na miaka 7, yuko Darasa la Kwanza. Mdogo ni wa kike, alikuwa na miaka 5, yuko maandalizi. Tangu turudi, kila harusi na kila maulidi ninayokwenda lazima mtu anivute pembeni. Wengine wanataka kujua nilifanyaje, wengine wanataka kunisema ila wanaanza kwa kuuliza. Basi nawajibu wote kwa pamoja.

Sababu ni bibi yangu, mama mzazi wa mama. Aliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, naye bado msichana wa miaka 20. Mama yangu alikuwa mchanga, akaachwa kwa bibi yake kwa kuwa safari ile haikuwa ya kubeba mtoto anayenyonya. Bibi akakaa Dubai, na baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi, akahamia Maskati na mume wake wa pili. Huko akazaa wajomba zangu wanne. Mama amemwona mamake mara nne tu katika umri wake wote. Mimi nilimwona mara moja, nikiwa na miaka 11. Wanangu walimjua kwa simu, na yeye kwa simu hawaoni, mtoto wa jicho ameshamtia kiza. Kwake walikuwa sauti tu. Mwezi wa Septemba mjomba akatuma ujumbe kwamba bibi ameanza kusahau majina. Hakusema njooni, lakini tulimwelewa.

Nilidhani wa kunipinga atakuwa mume wangu, kwa ajili ya nauli. Aliyenipinga ni mama. Mama amesomesha Darasa la Kwanza zaidi ya miaka 30, amestaafu juzi tu, na kwake yeye mtoto kukosa skuli ni sawa na mtoto kukosa chakula. "Nenda wewe mwanangu, watoto niachie," aliniambia. "Huyu wa kiume ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Ukimkata hapo, akirudi anaanza ba be bi bo bu upya." Nami namheshimu mama kwa jambo hili kuliko mtu yeyote, maana watoto wa mtaa mzima wamejifunza kusoma mikononi mwake. Nilikaa na maneno yake wiki nzima.

Kilichonisaidia ni kalenda. Skuli zetu hufunga mwanzoni mwa Disemba na kufungua Januari. Kwa hiyo wiki zetu 10 ndani yake mlikuwa na wiki sita tu za masomo, zilizobaki ni likizo ambayo wenzao nao walikuwa nyumbani. Mtu ataniuliza, si mngengoja Disemba basi? Tungengoja kama ingekuwa ni safari ya matembezi. Mtu anayesahau majina hamfahamu mgeni kwa siku moja. Anahitaji kumwona leo, na kesho, na kesho kutwa, mpaka sura ikae. Na hakuna aliyeweza kutuahidi kwamba Disemba atatutambua.

Nilikwenda skuli mwenyewe, sikupiga simu. Nilimpelekea mwalimu mkuu barua ya ruhusa yenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na ada ya muhula tukailipa yote ili nafasi zao zisipotee. Mwalimu wa darasa hakufurahi, na hakuficha. Lakini alikaa na mimi baada ya kipindi cha mwisho, akafungua vitabu vya Kiswahili na hesabu, akatia alama kwa kalamu ya risasi ukurasa gani darasa litafika kila wiki. Mtihani wa mwisho wa mwaka akampa mapema, wa mdomo na wa kuandika. Lile zoezi la nusu saa lilikuwa na faida kuliko ushauri wote niliopewa. Najua wako wanaosema mtoto anaumwa kisha wanaondoka kimya. Shoga yangu, ukiacha kwamba ni uongo, mtoto wa miaka 7 hana siri. Siku ya kwanza akirudi atawahadithia darasa zima alivyopanda ndege.

Chuoni pia nilikwenda. Wengi tunakumbuka skuli na kusahau chuo, kumbe sura ndizo zinazokimbia haraka. Mwalimu wa chuo aliniambia asiongezewe kitu kipya, adurusi tu Juzuu Amma kila siku baada ya Magharibi, sura mbili tatu, na asiruke hata siku moja.

Sasa huko Maskati. Omani wanasoma Jumapili mpaka Alhamisi, kwa hiyo asubuhi watoto wa wajomba wakishachukuliwa na mabasi yao, nyumba inabaki kimya. Tunabaki bibi, mimi, wanangu na dada wa kazi. Siku za mwanzo niliwaza tutafanya nini na asubuhi zote hizo. Siku ya tatu, baada ya chai, mwanangu alikuwa ameshika kitabu chake huku ananuna, bibi akamwambia, "Nisomee mimi, mimi macho yangu hayaoni." Akamsomea. Neno moja, anasimama, neno la pili. Bibi hakumharakisha. Akikosea, bibi anauliza, "Unasemaje?" mpaka neno linakaa sawa. Kesho yake bibi ndiye aliyeuliza kitabu kiko wapi. Ikawa ndiyo kazi yao, kila asubuhi, kurasa mbili. Kitabu kilipokwisha wakakirudia. Mtoto anayemsomea mama yake anasoma ili amalize akacheze. Huyu alikuwa anamsomea mtu ambaye kweli hawezi kusoma, na hilo alilijua.

Kuna jambo sikulitarajia. Watoto wa wajomba zangu wakubwa wanakifahamu Kiswahili lakini wanakijibu kwa Kiarabu. Wadogo hawakifahamu kabisa. Bibi yangu amekaa katika nyumba iliyojaa wajukuu, na kwa miaka mingi hakuna mtoto mdogo aliyezungumza naye kwa lugha aliyozaliwa nayo. Binti yangu mimi hanyamazi. Alikaa miguuni kwa bibi kutwa, anamweleza habari za paka wetu, za urojo, za mwenzake wa maandalizi aliyemuuma kidole. Bibi anacheka mpaka machozi. Katikati ya wiki ya pili akaanza kumwita kwa jina la mama yangu.

Binti yangu mwanzo alimsahihisha. Baadaye akaacha, akawa anaitika.

Nilimwambia mama kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Anamwita vipi hasa? Kwa jina lote?" Nikamwambia hapana, anamwita kwa kulikata, kwa jina la kudekeza. Mama hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, kwa sababu mwenye kumwita hivyo aliondoka. Siku iliyofuata niliiweka simu karibu na bibi, bila kusema kitu, mama akasikiliza. Siku ile hakuuliza habari za silabi.

Mengine ya safari nitayapita haraka. Ijumaa moja mjomba alituchukua Nizwa, kwenye soko la mbuzi la asubuhi, ambapo wanunuzi hukaa duara na wanyama wakazungushwa katikati huku bei zikipigiwa kelele. Mwanangu alihesabu mbuzi mpaka akachoka. Hapo hapo Nizwa tuliona Falaji Daris, mmoja kati ya mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mjomba alimweleza kwamba maji yale yanagawiwa kwa muda, kila shamba na zamu yake, na kwamba zamani waliutazama uvuli wa jua mchana na nyota usiku ili kujua zamu ya nani imekwisha. Kwa hesabu, hata hivyo, duka la mtaani lilitusaidia zaidi. Riali moja ni baisa 1,000. Mtoto aliyezoea kuhesabu mpaka 100 akitumwa maziwa na kurudishiwa chenji ya mamia ya baisa, anajifunza asitake asitake.

Na sala. Mume wa bibi, Mungu amrehemu, alikuwa Ibadhi, na wajomba ni Ibadhi. Mwanangu aliporudi msikitini mara ya kwanza aliuliza mbona mjomba hafungi mikono kifuani. Babake akamjibu kwamba hivyo ndivyo walivyofunzwa wao na wazee wao, nasi tumefunzwa hivi, na sote tunaelekea Qibla kimoja. Kwa faida yenu mnaopanga safari: sisi tuliolelewa kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ukishanuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huna tena ruhusa ya kupunguza sala. Kwa hiyo wakati mgeni Ibadhi anaweza kuendelea kupunguza maadamu hajafanya pale ni makazi yake, sisi tuliswali kamili. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka, msije mkabishana sebuleni kwa watu.

Gharama yake ilikuwepo, na haikuwa pale mama alipoihofia. Mkubwa alirudi anasoma. Mwalimu wake wa Darasa la Pili hakumpata na kasoro ya kusoma. Mwandiko ndio ulioharibika, maana mimi sikuwa na subira ya kumsimamia aandike, na kutoa kwa kukopa hakukujui kabisa mpaka Februari. Aliyeumia ni mdogo, ambaye kila mtu aliniambia "huyu wa maandalizi hana neno." Alizoea kuwa na mtu wa kumsikiliza kutwa nzima. Wiki tatu alilia getini, ananishika buibui. Na yule mwenzake aliyemuuma kidole, ambaye ndiye rafiki yake, alikuwa ameshapata rafiki mwingine. Mtoto wa miaka 5 hana daftari la kuonesha alichokosa, lakini kipo.

Nami mwenyewe? Wiki 10 ndani ya nyumba ya watu, hata wakiwa damu yako, ni kazi. Mume wangu alitupeleka, akakaa siku 10, akarudi kazini, kisha akaja kutuchukua. Hapo katikati malezi yote ni yangu, mbele ya macho ya wake za wajomba, ambao ni wakarimu kupita kiasi na wanawapa wanangu halua saa nne za usiku. Utasema nini?

Ninyi mabibi harusi watarajiwa, msione haya hayawahusu. Katika zile kamati za sare, ukumbi na mpambaji, tafuteni dakika mkae na wachumba wenu, mbele ya wazee kama inavyopasa, muulizane jamaa zenu wako wapi na nani atawatembelea, kwa fedha ya nani, na watoto wakipatikana itakuwaje. Koo zetu zimetapakaa kutoka Pemba mpaka Maskati na Toronto. Swali hili litawafikia tu, afadhali liwakute mmeshalizungumza.

Kama ungeniuliza ningewatoa tena, inategemea. Kwa safari ya kununua abaya na kupiga picha, sitoi mtoto hata siku moja. Mwaka wa mtihani, sitoi. Mtoto ambaye mwalimu ameshasema anasuasua, nitafikiri mara tatu. Wiki sita za Darasa la Kwanza, kwa mtu ambaye hatangoja, ndiyo.

Bibi bado yuko, alhamdulillahi. Ijumaa tunampigia simu, mwanangu anamsomea ukurasa mmoja, na bibi humuuliza yeye ni mtoto wa nani, naye humweleza upya bila kuchoka. Mjomba anatuita tena Oktoba. Mume wangu yuko tayari, mimi nasitasita. Mama ameshakwenda kutengeneza pasi mpya. Anasema watoto watabaki na mimi na skuli yao, safari hii anakwenda yeye, na hajasema atarudi lini.