Nanosekunde nne

Chuoni hapa Leeds, mimi na mwenzangu tulipewa leza, kioo, kihisio cha mwanga na osiloskopu, tukaambiwa tupime kasi ya mwanga. Kazi yenyewe si ngumu. Leza inawaka na kuzima upesi upesi, mwanga unakwenda hadi kwenye kioo mwisho wa ukumbi na kurudi, mita 24 jumla. Kwenye skrini unaona vilima viwili: cha mwanga unaotoka na cha mwanga uliorudi. Pengo letu lilikuwa nanosekunde 84.

Ukigawa, unapata kama kilomita 286,000 kwa sekunde. Jibu linalojulikana ni 299,792. Mkono wangu ukajiendea kwenye kifutio.

Mkono huo ulizoeshwa Mombasa. Shuleni kwetu, pale kisiwani, fizikia ya vitendo ilikuwa pini nne, karatasi na kipande kinene cha kioo. Unachomeka pini mbili upande huu, unachungulia upande wa pili mpaka zote nne zijipange mstari mmoja, unapima pembe, unagawa sini kwa sini. Jibu lazima liwe 1.5. Ukipata 1.38 unafuta, unarudi nyuma, unapika pembe mpaka 1.5 iive. Darasa zima tulikuwa wapishi.

Leeds mwalimu alinizuia. Aliuliza swali moja tu: "Nanosekunde nne zilizozidi pengo sahihi zimetoka wapi?" Tulizitafuta saa nzima. Zilikuwa kwenye waya: ule wa kihisio ulizidi ule wa leza kwa sentimita 80, na ndani ya waya kama ule ishara hukata sentimita 20 hivi kwa nanosekunde. Alama zetu nyingi zilitoka kwenye sentimita hizo 80. Fizeau mwenyewe, aliyepima mwanga kwa gurudumu la meno kule Ufaransa mwaka 1849, alipata zaidi ya kilomita 310,000, na jina lake bado liko vitabuni.

Likizo iliyopita nilikuwa nimeketi barazani Mji wa Kale, kikombe cha kahawa tungu mkononi, mtoto wa kakangu wa kidato cha nne kando yangu na daftari lake. Pini zilezile, kioo kilekile. Amepata 1.46, ameshika kifutio.

"Ami, hii si sawa. Yatakiwa 1.5."

"Moja nukta tano ya nini?"

Akanyamaza. Hata mimi sikuwahi kuambiwa. Namba ile ni kasi ya mwanga hewani ukigawa kwa kasi yake ndani ya kioo. Kumbe miaka yote ile, kwa pini za dukani, tulikuwa tunapima mwendo wa mwanga na hakuna aliyetunong'oneza.

Nikamwonyesha upande wa Ngome ya Yesu. Mwaka 2009 waya wa intaneti uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah kule Uarabuni, kama kilomita 5,000 chini ya bahari. Ndani yake mna nyuzi za kioo, na namba ya kioo kile inakaribia 1.47. Tukapiga hesabu pembeni mwa daftari: mwanga humo unakwenda kilomita 204,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa kwenda Fujairah na kurudi hauwezi kuchukua chini ya sekunde 0.05 hivi, hata ununue simu ya bei gani.

"Basi 1.46 yangu ni ya faiba!" akacheka.

"Kioo chako si cha faiba. Pini zako zilisimama wima?"

Akafikiri. "Mbili ziliinama kidogo."

"Andika hivyo."

"Wewe ami waweza kusema hivyo. Hufanyi mtihani."

Hapo alinipata, sikuwa na jibu. Alizungusha kifutio vidoleni kwa muda, kisha akakitia mfukoni. Chini ya 1.46 akaandika kwa herufi ndogo: pini mbili ziliinama.