Namna Mtu Abebavyo Taabu Yake

Taabu ni mgeni asiye na adabu. Haipigi hodi, haingoji kukaribishwa, wala haiulizi kama nyumba ina nafasi. Mtu aweza kulala tajiri akaamka mdeni. Aweza kulala ana baba akaamka yatima. Hayo ni ya walimwengu wote, na hapana aliyesamehewa. Walakini, ingawa taabu huwafikia wote, haibebwi na wote kwa namna moja. Mmoja huitwika kichwani, mwingine huikumbatia kifuani, na wa tatu huiburura nyuma yake huku akisema kuwa hana kitu. Kujua kuwa dunia ina taabu ni elimu ya kila mtu. Kujua namna mtu mwenyewe aibebavyo taabu yake ni elimu ya wachache.

Katika mji mmoja wa mwambao walikuwako ndugu wawili waliofiwa na baba yao, wakarithi deni lake pamoja. Mkubwa, hata kabla maiti hajaoshwa, alikuwa amekwisha kununua sanda, kutuma watu makaburini, kupeleka habari kwa jamaa wa mbali, na kuandika katika karatasi majina ya wote waliomdai marehemu. Hakudondosha chozi. Mdogo aliketi barazani, kichwa magotini, akalia mpaka sauti ikamkauka. Aliyemwuliza neno hakupata jibu. Usiku wa tanga kuanuliwa wakagombana. Mkubwa alisema, "Machozi yako hayakununua hata kibaba cha mchele." Mdogo akajibu, "Na mikono yako haikumlilia baba hata mara moja." Tangu usiku ule hawakula tena katika sinia moja.

Kila mmoja aliona ubaya mahali palipokuwa na tofauti tu. Mkubwa alidhani kuwa mwenye kulia ni mvivu. Mdogo alidhani kuwa mwenye kutenda hana huruma. Wote wawili walikosea, na makosa ya namna hiyo yamevunja nyumba nyingi zilizohimili njaa na maradhi.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walitoa kitabu kilichotenga njia kuu mbili za kukabili dhiki. Njia ya kwanza hulielekea jambo lenyewe: mtu hutafuta sababu, hupima msaada alio nao, hushika kazi. Njia ya pili huuelekea moyo: mtu hulia, huomba, husimulia, au huligeuza jambo katika fikira mpaka liweze kuchukulika. Hawakusema kuwa njia moja ni ya wenye akili na nyingine ni ya wajinga. Lililo kubwa ni kama jambo lenyewe laweza kubadilishwa au haliwezi. Linalobadilika lataka mikono. Lisilobadilika lataka moyo.

Kwa kipimo hicho hali ya ndugu wale huonekana wazi. Kifo cha baba yao hakikuweza kubadilishwa, lakini mkubwa alikiendea kwa kazi. Deni liliweza kulipwa, lakini mdogo aliliendea kwa machozi. Kila mmoja alikuwa na ufunguo mmoja, akajaribu kufungulia milango yote.

Arobaini ilipokwisha, mkubwa hakuwa na shughuli iliyobaki. Ndipo usingizi ulipomkimbia, moyo ukawa wamwenda mbio bila sababu, na chakula kikamwia kichungu. Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal, katika nchi ya Kanada, aliandika mwaka 1936 juu ya panya waliotiwa katika mateso ya namna mbalimbali. Aliona kuwa mwili kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na mateso yakizidi muda huchoka. Ustahimilivu una akiba, na akiba huisha. Mdogo naye alikuwa ameanza kuzunguka mitaa ya nyuma ili asikutane na wadai. Kila siku aliyowakwepa ilimwongezea hofu, wala haikumpunguzia deni hata senti moja.

Waswahili wana mifano ya watu waliojua kutenga mambo haya mawili. Mwana Kupona wa Pate, karibu na mwaka 1858, alikuwa katika maradhi ambayo hakuweza kuyaondoa. Aliloliweza ni kumwachia binti yake mawaidha, akayatunga. Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani nchini Kenya kutoka mwaka 1969 hata 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa. Hakuweza kuufungua mlango wa gereza, lakini aliweza kuandika, akaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani; na mashairi yale yakatoka mwaka 1973 katika kitabu cha Sauti ya Dhiki. Watu hawa hawakuwa bila maumivu. Walijua ni wapi pa kuweka mkono na ni wapi pa kuweka moyo.

Mwenye kutaka kuijua namna yake na aikumbuke taabu yake kubwa ya mwisho. Mkono wake ulishika nini kwanza? Alimtafuta nani? Alikimbia nini? Pengine majibu humtia mtu haya, lakini haya ile ina faida. Tabia ya mtu si kosa, maana aghalabu aliifunzwa utotoni na waliomlea. Kosa ni kuifanya sheria ya kuwahukumia wengine.

Mama wa ndugu wale alikuwa edani, na mtu wa eda huona mengi kwa kuwa hatoki. Siku moja alimwita mkubwa akamwambia, "Keti, mwanangu. Leo sina la kukutuma." Mkubwa aliketi. Kwa kuwa hakupewa kazi, alibaki na baba yake tu moyoni, akalia kwa mara ya kwanza. Baadaye mama alimwita mdogo, akampa karatasi ya majina. "Anza na yule umwogopaye zaidi," alisema. Mdogo alikwenda, miguu ikitetemeka. Mdai yule alikuwa mzee aliyesafiri sana na marehemu zamani. Hakusamehe deni, lakini alikubali lilipwe kidogo kidogo kila mwezi.

Deni lilichukua miaka miwili. Mkubwa alibaki mtu wa kazi, na mdogo alibaki mwepesi wa machozi. Lakini mkubwa alipomwona nduguye analia, hakumwita mvivu tena, na mdogo alipomwona kaka yake hatulii, alimwuliza kama amelala. Jioni ile deni lilipokwisha, walikula katika sinia moja.