Mashua ya Masikini: Safari Yetu ya Ziwa Basotu

Tuliondoka mjini Mbulu mara baada ya Swala ya Alfajiri, wajumbe watatu wa kamati ya msikiti pamoja na vijana wawili waliotuletea ombi. Ombi lao lilikuwa fupi. Walitaka Baitul-maal iwakopeshe fedha za kuundia mashua moja yenye tanga, ili wapate kuwatembeza wageni katika Ziwa Basotu, wilayani Hanang. Kamati ilikuwa imegawanyika. Wapo walioona kwamba fedha za waumini haziwekwi juu ya maji, na wapo waliosema kwamba kijana asiye na kazi ni hatari kubwa kuliko maji. Tukaafikiana kwamba tukaone kwa macho kwanza, kisha tuamue.

Njia ya kutoka Mbulu hupita Dongobesh, katika nyanda za juu za Wairaqw, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda na kuingia katika lami iendayo Singida. Hapo Mlima Hanang hujitokeza wote kwa pamoja, mita 3,417 kutoka usawa wa bahari, ukiwa umesimama peke yake bila ya ndugu. Chini ya ukingo wa bonde hulala Ziwa Balangida, ambalo wakati wa kiangazi hukauka likaacha weupe wa chumvi. Vijana walipoliona walicheka wakasema kuwa hapo mashua ingehitaji magurudumu.

Tulipofika Gendabi kicheko kilikoma. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka juu ya vijiji na juu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Mmoja wa vijana wetu alikulia hapo. Nyumba ya wazazi wake ilichukuliwa, nao wakahamia kwa jamaa zao Mbulu. Tulisimamisha gari, tukasoma Fat-ha, tukawaombea marehemu. Kijana hakusema neno mpaka tulipofika Katesh, ndipo aliponena: "Mashekhe, mimi sitaki tena kazi ya kukata miti." Kabla ya hapo alikuwa mchoma mkaa.

Kutoka Katesh tulielekea Basotu, tukipita nchi ya mashamba mapana ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho mengi kwa ajili ya mashamba hayo, na jambo hilo wazee wao hawajalisahau. Ziwa lenyewe ni la maji baridi, limekaa katika shimo la volkano ya kale, na kandokando yake kuna matete na mitumbwi ya wavuvi. Upepo ulikuwa mzuri. Vijana walikwisha kuiona mashua yao ikielea.

Mvuvi mzee aliyetupokea alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza: "Wanangu, mashua hiyo itakuwa na mashine?" Vijana walijibu kwamba wangeanza na tanga, na wakipata faida wangenunua injini ili wabebe wageni wengi zaidi. Mzee akatuonesha mfereji ulioletwa na mvua, umejaa udongo wa mashambani. Akasema kwamba bahari hupwa na kujaa, uchafu wake ukachukuliwa, lakini ziwa dogo halina bamvua. Kinachoingia humo, kizuri au kibaya, wenye kukinywa ni wao. Kisha akaonesha matete na kusema kuwa hapo ndipo samaki wanapozalia, na kwamba mgeni hupenda sana kusogezwa hapo ili apige picha za ndege.

Maneno yale yalitukumbusha kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Khidhri (A.S.) alifika hapo akaomba msala wa kuswalia, na alipoukosa akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Qibla. Katika miaka ya 1990 kisiwa hicho kilikuwa katika hatari, kwani wapo waliovua kwa baruti na kuvunja matumbawe. Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Hata hivyo ilionekana kuwa katazo la sheria peke yake halitoshi. Ndipo taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, Uingereza, ikishirikiana na masheikh na wavuvi wenyewe, ikayaleta mafundisho ya Qur'ani kuhusu ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi. Wavuvi waliokuwa wakilikwepa boti la doria walianza kuiona bahari kuwa ni amana.

Na ni Khidhri huyo huyo, katika Suratul-Kahf, aliyeitoboa mashua ya masikini waliokuwa wakitafuta riziki baharini, kwa sababu mbele yao palikuwa na mfalme aliyenyang'anya kila mashua nzuri. Kasoro ile ndiyo iliyowahifadhia riziki yao. Tukiwa tumeketi ukingoni baada ya Adhuhuri, tuliwauliza vijana kama na wao wako tayari kwa mashua yenye kasoro: isiyo na injini, isiyobeba wengi, isiyofika kila mahali. Walinyamaza. Kijana mmoja akasema kwa haki kabisa kwamba mwenye njaa hawezi kuishi kwa kasoro. Hatukuwa na jibu la haraka, bali tulikaa tukapiga hesabu pamoja naye.

Katika hesabu ile tuliona kwamba injini hula mafuta katika kila safari, na mafuta yakimwagika hayazoleki. Tanga hununuliwa mara moja na hushonwa likichanika. Upepo ukikosekana, yapo makasia, na siku ya dhoruba haiendi mashua yoyote. Wageni wengi huja Hanang kupanda mlima. Hawa husafiri wachache wachache, na wanayoyatafuta ni utulivu na mazungumzo na wenyeji. Huko Ziwa Babati wavuvi wamekuwa wakiwapeleka wageni kuona viboko kwa mitumbwi ya kawaida, na wageni wameridhika.

Basi tukaandika masharti. Mashua ibebe abiria 6 na si zaidi, kila mmoja akiwa na jaketi la kuokolea maisha, na isiingie majini kabla ya kukaguliwa na kupewa leseni. Taifa hili halijasahau MV Nyerere, kivuko kilichopinduka katika Ziwa Victoria Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 200. Mashua ikae mbali na matete. Chakula kipikwe na akina mama wa kijiji na kifungwe katika vikapu. Chupa na mifuko ya plastiki ibaki nchi kavu. Choo kijengwe mbali na maji, kwani Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na katazo hilo si adabu tu bali ni afya, wala mwenye kujua habari za kichocho hatalidharau. Na sehemu ya mapato itumike kupanda miti katika mifereji inayoleta udongo, kwa makubaliano na kijiji.

Sharti moja liliwaumiza. Vijana walikwisha kuchagua mahali pa kujenga kibanda cha mapokezi, hatua chache kutoka majini, chini ya mti mzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi. Tulipima kwa kamba, na kibanda kikaangukia nyuma kabisa, mahali pasipo na kivuli wala mandhari. "Mgeni hatatuona," walilalamika. Tukawaambia kwamba mti hupandwa, nao tukawaacha wasikitike, kwani walikuwa na haki ya kusikitika.

Kamati ilikutana Ijumaa iliyofuata. Mkopo umepitishwa kwa njia ya qardh hasan, usio na riba, wa mashua moja tu. Mjumbe mmoja bado hajaridhika, na hofu yake tumeiandika katika kumbukumbu za kikao ili ituonye. Kijana wa Gendabi tayari ameotesha miche katika viriba nyuma ya msikiti. Alipoulizwa ni ya nini wakati mashua bado haijaundwa, alijibu kwamba mti huchelewa kukua kuliko mashua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie baraka riziki hiyo ndogo, na awarehemu waliotangulia chini ya Mlima Hanang. Amin.