Kuhifadhi na Kufahamu

Napenda kuwasimulia jambo lililonipata nyumbani kwangu hapa Mpepai, wilaya ya Mbinga, huenda mzazi au kijana akapata faida.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Shule niliishia darasa la saba. Binti yangu yu kidato cha sita, na katika somo lake la Bayolojia mna sehemu iitwayo ikolojia, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyohusiana wao kwa wao na mahali waishipo. Aliponiuliza namna ya kujitayarisha, nilimjibu kama niwajibuvyo wanafunzi wangu: "Hifadhi. Rudia mpaka ulimi usikwame." Akanitii. Ulipokuja mtihani wa majaribio, alitakiwa aeleze njia moja ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na jinsi inavyofanya kazi. Akaandika maana ya maneno, neno kwa neno, kisha kalamu ikasimama. Alifeli. Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Alipokuja likizo mwezi wa Machi, tulikwenda shambani, tukamkuta mama yake akitengeneza ngoro. Ngoro ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo katika miteremko ya milima yetu. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana mfano wa wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi, yakawa matuta yaliyozunguka shimo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi.

Nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe mimi nisiyejua Kiingereza. Shimo hili lafaa nini?"

Akafikiri, akasema, "Baba, mvua ikinyesha maji hutua shimoni, hayapati nguvu ya kuteremka na udongo. Na nyasi zikioza, vijidudu huzigeuza kuwa chakula cha maharage."

Mama yake akacheka. "Hayo si ndiyo tuliyofundishwa na bibi zetu?"

Binti akanyamaza, machozi yakamlengalenga. Jibu la mtihani alikuwa akilikanyaga tangu utotoni.

Jioni kitoweo kilikuwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Nikamwuliza kwa nini usipa ni wengi na furukombe ni wachache. Akanieleza kwamba mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, usipa hula wadudu hao, na ndege hula usipa. Kila daraja hupata kadiri ya sehemu 1 katika 10 ya nguvu iliyo katika daraja la chini yake. Mwani ukiwa na 1,000, wadudu hupata 100, usipa 10, na ndege 1 tu. Safari hii hakufungua daftari.

Usiku ule niliikumbuka aya ya 38 ya Suratul-An'aam, ambamo Mola anatujulisha kwamba wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Aya hiyo nimeisomesha zaidi ya miaka 30, nikisahihisha matamshi, wala sikumbuki hata siku moja kumwuliza mtoto maana yake.

Sisemi kuhifadhi kuachwe, hasha. Asiyehifadhi hana cha kufahamu. Lakini enyi vijana, kila mmalizapo somo, waelezeni wazazi wenu kwa lugha ya nyumbani, mkatafute mfano wake shambani au ziwani, ndipo mrudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Nanyi wazazi, msione haya kuuliza.

Chuoni kwangu sasa kila amalizaye sura huulizwa maana. Wazazi wawili wamelalamika kuwa nachelewesha khitma, nawaomba wavumilie. Binti yangu atafanya mtihani mwezi wa Mei, na matokeo yako kwa Mola. Atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.