Ukingoni mwa Shimo la Mungu

Kipupwe cha Julai, Newala ni sweta mtindo mmoja. Tangu Masasi mume wangu na mimi tumenuniana: yeye kapata kazi Dar, mimi sitaki kuhama.

Asubuhi tukaenda Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla, tukafuata ukingo kwa miguu. Ukungu ulipofunguka, lo! Bonde lote chini, mto Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Zamani akina mama walishuka huko kuchota maji, wakapanda na mzigo kichwani.

Kokoto zikateleza, nikasita. Kimya kimya akanyoosha mkono. Nikaushika.

Hatukukubaliana siku ile, ila tulirudi tukiongea. Mlionuniana, nendeni. Bebeni maji na viatu vya kufunga.