Nyumba Mbili Zinazotazamana

Nyumba ya baba na nyumba ya baba mdogo zinatazamana. Yetu iko bondeni, yake iko juu ya kilima cha pili, na baina yao pana kijito, migomba, na umbali wa takriban mita 600. Wenye nyumba hizo, hata hivyo, waliacha kutazamana mwaka wa 2011, babu alipofariki na shamba lake kugawanywa. Chanzo cha uhasama wao kilikuwa mkaratusi mmoja ambao babu aliupanda karibu na chemchemi, pale pale ulipokuja kupita mpaka. Baba mdogo alitaka ukatwe kwa kuwa, kwa maoni yake, ulikuwa ukiinyonya chemchemi na kuinyausha migomba yake. Baba alikataa katakata. Mti uliopandwa na mkono wa marehemu, alisema, haukatwi na wanawe. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwetu sisi watoto, nasi tukawa tarishi wa watu wawili wanaoonana kila asubuhi wakifungua madirisha.

Msomaji atauliza mti huo una uhusiano gani na intaneti, maana ndiyo niliyokusudia kuizungumzia. Nami sikuujua uhusiano huo mpaka nilipopanda juu ya paa.

Kijiji chetu kiko katika milima ya Taita, na milima hiyo, pamoja na uzuri wake wote, imetunyima mawimbi. Mwaka wa 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka mwalimu akitueleza kwamba sasa Kenya imeunganishwa na ulimwengu. Kutoka Mombasa hadi kwetu ni safari ya saa chache tu, lakini ulimwengu huo ulichukua zaidi ya miaka kumi kushuka bondeni. Mapema 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa nchini, runinga yetu iliingia kiza, kwani mawimbi mapya ya dijitali nayo hayakutufikia. Ndipo baba, mwalimu mstaafu, aliponunua dishi la kulipiwa kila mwezi. Kila jioni saa moja tuliketi kusikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili, naye akitusimamisha kwenye kila neno geni kana kwamba yungali darasani. Sitasahau jioni aliyotufafanulia maana ya neno 'usuluhishi', mama akainuka kimya kimya na kwenda jikoni.

Miaka ilipita. Ada ya dishi ilipanda mara kadhaa ilhali pensheni ya baba ilibaki palepale. Mwaka wa 2023 nilijiunga na shahada ya uzamili, na baadaye nikarudi nyumbani kukusanya ngano ambazo nyanya huzisimulia kwa Kidawida. Mikutano na msimamizi wangu ilikuwa ifanyike kwa intaneti. Ili kuipata, nilipaswa kupanda jabali lililo juu ya kijiji na kuinua simu kama anayeomba dua. Siku ya mkutano wa kwanza mvua ilinyesha, simu ikaishiwa na chaji, na msimamizi akasikia nusu ya hoja zangu, nayo si nusu iliyo bora. Nyanya naye alikuwa na dhiki iliyozidi yangu. Shangazi yangu, kitindamimba wake, alikwenda kufanya kazi Ghuba mwaka wa 2019 na hakuwa amerudi. Mama na mwana walikuwa wakisikizana kwa vipande vya sauti vinavyokatika katikati ya neno.

Kilimani kwa baba mdogo mambo yalikuwa tofauti. Nyumba yake inauelekea mnara wa simu moja kwa moja, na mawimbi ya 4G humwagika uani kwake bila kuombwa. Nikawaza: ikiwa intaneti iko mita 600 kutoka kitandani mwangu, kwa nini nipande jabali?

Waya wa kawaida wa kompyuta haungefaa, kwa sababu hukadiriwa kufanya kazi hadi mita 100 tu. Waya wa nyuzi za kioo ungefika, ila ungetulazimu kuchimba mtaro kukatiza kijito, chemchemi na ule mpaka wenye mgogoro. Ilibaki njia ya hewani. Kuna vifaa vidogo vya redio, kila kimoja hakizidi sana sahani ya wali kwa ukubwa, ambavyo hufungwa viwili viwili, kimoja kila upande, vikapitishiana intaneti kwa masafa ya gigahetsi 5. Waya mmoja hukipelekea kifaa umeme na data kwa pamoja, na umeme wenyewe ni wa wati chache tu, kiasi ambacho betri na paneli ya sola vinaweza kukimudu. Sharti lake kuu ni moja: antena hizo lazima zitazamane.

Nilitenga sehemu ya akiba yangu, nikapanda kilima.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Sikutumwa. Nimekuja kuomba ukuta."

Nilimweleza haja yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba yako anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie. Sitaki kesho niambiwe nimewaingilia kwa mawimbi. Ukuta, chukua."

Nilipomfikishia baba habari hizo hakuinua macho kutoka gazetini. "Ukuta ni wake," alisema. "Mimi sijamwomba." Hakukataa, na mtoto wa mwalimu anajua kwamba kutokataa ni ruhusa ya aina fulani.

Mwana wa baba mdogo, aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi, alifunga kifaa cha kwao, nami nikapanda paa letu kufunga cha kwetu, majirani wakishangaa binti mtu mzima kafuata nini juu ya mabati. Tulielekezana kwa kupunga kanga. Kipimo cha nguvu za mawimbi kilisoma hasi 84, nasi tulihitaji walau hasi 65. Ilipopita siku kavu, ujumbe ulipenya kwa shida, na mvua iliponyesha, kila kitu kilikatika. Nikachutama pale juu na kutazama upande wa kilima. Kati ya macho yangu na ukuta wa baba mdogo ulisimama mkaratusi wa babu.

Elimu niliyoipata siku hizo sikuitarajia katika masomo ya fasihi. Mawimbi ya masafa hayo hayapendi majani, hasa yaliyolowa, kwa kuwa maji huyameza. Isitoshe, haitoshi kuuona upande wa pili kupitia tundu dogo. Mawimbi husafiri katika eneo lenye umbo la yai refu, na kwa umbali wetu eneo hilo lilihitaji karibu mita 2.8 kila upande wa mstari wa katikati, sehemu kubwa yake ikiwa wazi. Tungeweza kuinua mlingoti, lakini mkaratusi ulikuwa mrefu kupita mlingoti wowote ambao mkoba wangu ungeumudu.

Nilimweleza baba jambo hilo jioni, nikichagua maneno kama anayechagua mchele. Hakujibu. Jioni ya pili hakujibu. Jioni ya tatu aliizima runinga kabla taarifa ya habari haijakwisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mti ule ukiondoka, nyanya yako atamwona shangazi yako?"

"Atamwona, baba."

Akanyamaza kitambo. "Mwambie baba yako mdogo kwamba mti ule ni wa babake pia. Akija, aje na msumeno."

Baba mdogo alikuja Jumamosi. Wengi wanaposimuliwa kisa hiki hungojea machozi na kukumbatiana. Hayakuwapo. Ndugu hao walisimama chini ya mti, kila mmoja akiutazama juu, wakazungumzia jambo moja tu: mahali utakapoangukia.

"Uangukie kwangu," baba alisema. "Kwako utavunja migomba."

Hayo ndiyo maneno niliyomsikia baba akimwambia nduguye baada ya miaka hiyo yote, na mpaka sasa sijaona katika vitabu ninavyovisoma msamaha ulioelezwa kwa ufupi zaidi.

Jioni hiyo kipimo kilisoma hasi 58. Nyumba ya nyanya haiko mbali nasi, ni mita 40 tu, kwa hiyo tulimfikishia intaneti kwa waya uliopitishwa ndani ya bomba ardhini. Alipouona uso wa bintiye kwenye simu hakusema neno la shukrani kwa mtu yeyote. Alisema, "Mbona umekonda?"

Mwezi uliofuata baba alisitisha malipo ya dishi, tukaukata waya wake. Ada ya intaneti sasa hugawanywa sawa baina ya nyumba mbili. Tanzania dishi huitwa ungo, na nyanya, bila kuujua msamiati huo, amelichukua dishi letu na kulianikia kunde.

Nisingependa kuipamba hali hii kupita kiasi. Tulipokata waya wa dishi tulikata pia kikao cha saa moja jioni. Baba hutazama habari kwa simu wakati wowote apendao, nasi vivyo hivyo, kila mtu kwenye kona yake, wala hakuna anayetusimamisha kwenye neno geni. Watoto wa baba mdogo huweza kumaliza kifurushi kwa katuni kabla mwezi haujafika nusu. Radi zikianza, tunakimbilia kuchomoa nyaya. Mpaka wa shamba nao haujapimwa upya hadi leo.

Hata hivyo, kisa hiki kimenirekebisha fikra. Nilidhani kuondoa waya ni kujitegemea. Sivyo. Mtoto akikatwa kitovu hamwachi mamaye, bali huanza kumtegemea kwa njia nyingine. Mwenye waya wake humlipa mtoa huduma na kufunga mlango wake. Sisi tusio na waya hatuna budi kujua kama jirani ana umeme, kama ukuta wake ungali imara, kama kati yetu hakujaota kitu. Hata neno lenyewe, 'mtandao', lina shina moja na 'utando' wa buibui, na utando haushiki pasipo pembe mbili za kuushikilia.

Wala si sisi pekee. Huko Catalonia, mtandao wa guifi.net ulianza mwaka wa 2004 kwa watu wa mashambani ambao kampuni hazikuwafikia, wakaunganisha paa kwa paa. Hapa kwetu, mwaka wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni mahsusi kwa mitandao ya jamii, ili kijiji kinachotaka kuwaunganisha majirani wengi kifanye hivyo kwa kufuata sheria. Sisi bado ni familia moja, hatumuuzii mtu, lakini zahanati iliyo karibu na kwa baba mdogo imekwisha kuulizia. Wenzangu mnaokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, huenda nanyi mkakuta kijiji chenye intaneti upande mmoja wa bonde na kiza upande wa pili. Kabla ya kuuliza bei ya vifaa, ulizeni ni nani hasemezani na nani.

Wahenga walisema udugu wa nazi hukutania chunguni. Wetu umekutania hewani. Intaneti inapokatika usiku, na hukatika, simu ya baba hulia. Ni baba mdogo.

"Huko ipo?"

"Haipo. Hapo kwako?"

"Hapa ipo. Ngoja nikaitazame."

Nasi huona taa ya tochi ikitoka nyumbani mwake, ikizunguka ukuta taratibu, na kusimama pale inapoelekea kwetu.