Nilimwita garasa

Kwetu Tanga, mchezaji mpya wa Simba au Yanga akipoteza pasi mbili tu, jukwaa linampa jina: garasa. Nilihama na neno hilo hadi Cincinnati, na Agosti 2021 nikambandika Ja'Marr Chase.

Kwa asiyeufuata mpira wa Kimarekani: kila Aprili timu za ligi ya NFL hupokezana zamu kuchagua vijana kutoka vyuoni, na zile zilizofanya vibaya ndizo hutangulia. Mwaka ule Bengals, timu ya mji wetu, ilikuwa na zamu ya tano. Kwotabeki wetu, yaani mrusha pasi, Joe Burrow, alikuwa ameumia vibaya goti Novemba 2020, na niliwalaumu waliopaswa kumkinga. Kwa hiyo nilimtaka Penei Sewell, pande la mtu la safu ya kukinga. Bengals wakamchukua Chase, mdaka pasi aliyecheza na Burrow chuoni LSU, na ambaye msimu wa 2020 hakucheza kabisa kwa sababu ya korona. Sewell akaenda Detroit, wa saba. Nilikasirika, na hasira ile nikawa naiita uchambuzi.

Ikaja mechi ya maandalizi dhidi ya Washington. Chase alitupiwa mipira mitatu, yote ikamponyoka. Alipoulizwa alijibu waziwazi: mpira wa chuoni una mistari myeupe karibu na ncha, na jicho huifuata unapokujia; wa NFL hauna mistari hiyo, tena ni mkubwa kidogo. Kijana aliyekaa mwaka mzima bila mechi alikuwa anaeleza ugumu wa kazi yake, kama fundi anavyoeleza chombo kigeni mkononi. Mimi nikasema ni kisingizio. Nilisema mezani, tukiwa tunakula, mbele ya mwanangu wa miaka 11: "Huyu garasa. Mikono haifundishwi."

Septemba 12 ligi ikaanza. Dhidi ya Vikings, Chase akapata yadi 101 na tachidauni, yaani bao, ya yadi 50. Nikasema mechi moja si kitu. Kumhukumu kwa mipira mitatu ya majaribio niliona ni haki. Kumsifu kwa mechi nzima ya ligi nikaona ni pupa. Huo sasa ulikuwa ukaidi, wala sikuwa tena naangalia mpira. Kila wiki nilitafuta kosa lake kwanza.

Januari 2, 2022, aliwararua Kansas City kwa yadi 266. Msimu wake wa kwanza aliumaliza na yadi 1,455, na Bengals wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, mara ya kwanza tangu Januari 1989. Hata hapo nilikuwa na la kushikilia: Burrow aliangushwa mara tisa na Tennessee katika mechi moja ya mtoano. Unaona, nilisema, Sewell angehitajika. Lakini mechi ile tulishinda. Naye Sewell, ambaye huko Detroit walimhamisha kutoka kushoto kwenda kulia na akaanza kwa kuyumba, amekuja kuwa miongoni mwa wakingaji bora kabisa wa ligi. Wote wawili walikuwa wachezaji wa kweli. Yule garasa niliyekuwa namtafuta hakuwepo.

Hata hivyo, si hilo linaloninyima raha. Agosti ileile mwanangu alikuwa ndiyo kwanza amejiunga na timu ya watoto, naye mipira ilikuwa inamponyoka. Jioni alizoea kuniletea mpira uani nimrushie. Kuna siku aliacha. Nilidhani amechoka, au amepata marafiki, na sikuuliza. Mama yake ndiye aliyeniambia, baada ya msimu kwisha, kwamba mtoto alimuuliza kama ni kweli mikono haifundishwi.

Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, baridi kali, theluji bado imeganda kwenye majani. Niliutoa mpira stoo nikamwita. Nikamwambia: "Mwanangu, neno nililolisema juu ya Chase halikuwa kweli. Nililisema bila kujua. Naomba unisamehe."

"Sawa, baba," akasema. Hakuniangalia. Aliutazama mpira mikononi mwangu, kisha akaanza kurudi nyuma, hatua moja moja, mpaka kwenye uzio.